Maswali Mawili ya Elisha

Masomo: 2 Wafalme 4:1-7 na 8:1-6, Matendo ya Mitume 6:1-6, Kumbukumbu la Torati 24:14-15

  Nawasalimu ninyi mlio nyumbani, ninyi mlio shambani na redio mmeitundika kwenye mti, na ninyi ndugu zetu Warundi mlio kambini Lusenda na hapa Uvira katika nyumba za kupanga. Najua mnatusikiliza, kwa sababu tukikosea mnatutumia ujumbe. Leo nitaanza kwa kutubu mwenyewe, kwa hiyo mnaweza kupumzika kidogo.

Fungua Biblia yako, Wafalme wa Pili, sura ya nne. Kuna mjane pale. Mume wake alikuwa mmoja wa wana wa manabii, yaani mtu wa kazi ya Mungu, mtu wa kanisa kama mimi na wewe. Amekufa, na ameacha deni. Mwenye kudai amefika mlangoni, na hataki mbuzi wala kitenge. Anataka watoto wawili wa kiume wa yule mama wawe watumwa wake. Mama anamlilia Elisha.

Sasa mtazame Elisha. Mimi ningekuwa Elisha, ningeita mashemasi palepale. Ningesema: wapendwa, kuna mjane, tuinue sadaka ya mapendo, kila mtu alete nguo moja na kilo moja ya unga. Ningefanya haraka na mambo yangeonekana mazuri. Elisha hakufanya hivyo. Alimwuliza yule mama anataka amfanyie nini. Na kabla mama hajafungua kinywa, akaongeza swali la pili: nyumbani mwako una kitu gani? Maswali mawili kwa pumzi moja. La kwanza linauliza anakosa nini, la pili linauliza ana nini. Mama akajibu kwamba hana kitu, halafu akakumbuka: ana chupa ya mafuta.

Wenye mashirika wana jina la kazi hii, wanaiita tathmini ya mahitaji. Wanakuja na karatasi na simu kubwa, wanauliza, wanaandika. Sisi wa kanisa tunawacheka kidogo. Tunasema, hawa wanaandika tu, sisi tunatenda. Ndugu zangu, mimi nimetenda bila kuuliza, na hiyo ndiyo toba yangu ya leo.

Mnakumbuka mwaka 2015. Mwezi wa nne, chama kilipomtangaza Rais Pierre Nkurunziza kuwa mgombea kwa muhula wa tatu, mambo yalichafuka Bujumbura, na watu wakaanza kuvuka. Wengine walivuka Rusizi, wengine walipita ziwani. Serikali yetu pamoja na HCR wakafungua kambi ya Lusenda kule Fizi mwaka uleule. Lusenda ilipojaa ikafunguliwa Mulongwe. Nasema Mulongwe ya Fizi, si kartiye yetu ya hapa. Na Warundi wengine hawakwenda kambini kabisa, walibaki hapa mjini kwa marafiki, au wakapanga chumba Kavimvira na Kasenga.

Kanisa letu likaguswa moyo. Tukatangaza Jumapili mbili, tukakusanya nguo, tukajaza gari zima. Tukaenda Lusenda tukiimba. Tulipiga picha nyingi. Watu walipanga mstari, wakapokea, wakasema murakoze, murakoze cane. Tukarudi tukiwa wepesi kama watu waliotoka ubatizoni.

Baada ya majuma mawili mama mmoja wa kwaya alienda sokoni akakuta koti lake likiuzwa. Lake mwenyewe, na kifungo alichokishona kwa uzi wa rangi nyingine. Habari ikazunguka kanisa lote: wameuza sadaka yetu! Na mimi, mchungaji wenu, Jumapili iliyofuata nikahubiri habari ya wakoma kumi, kwamba walipona kumi na akarudi mmoja kushukuru. Nilihubiri kwa nguvu. Watu waliitikia amina mpaka bati likalia. Na Warundi walikuwa ndani ya ibada ile, viti vya nyuma.

Jioni ile akaja nyumbani kwangu mama shemasi mmoja, mtu mzima, tuliyeishi naye kambi moja Tanzania. Hakukaa hata kwenye kiti. Akaniambia: "Mwanangu Mchungaji, lile blanketi la mama yako, mlipokuwa Nyarugusu, liliishia wapi?"

Nikanyamaza.

Wengi wenu mnajua habari yangu, lakini vijana hawaijui. Mwezi wa kumi mwaka 1996, vita vilipofika Uvira, nilikuwa na miaka 15. Tulivuka ziwa usiku kwa mtumbwi, mama, mimi na wadogo zangu watatu, tukafika Kigoma. Baadaye tukapelekwa Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka huohuo kwa ajili yetu Wakongomani. Nilikaa pale miaka kumi. Nilirudi na meli ya HCR iliyotushusha Baraka mwaka 2006, nikiwa kijana mwenye ndevu.

Posho yetu ilikuwa mahindi, dengu za njano na mafuta. Asiyekaa kambini anasikia "mahindi" na anasema, asante Mungu, wana chakula. Aliyekaa kambini anajua kwamba mahindi bado si chakula. Yanahitaji mashine, na mwenye mashine anataka pesa, au anakata sehemu ya mahindi yako. Ukishasaga unahitaji kuni. Kuni ziko mbali, na huruhusiwi kwenda mbali, maana kule ukitoka zaidi ya kilomita nne bila kibali umevunja sheria. Ukipata kuni unahitaji chumvi. Na mtoto anayekwenda shule anahitaji sabuni, kwa sababu wenzake watamcheka. Ndiyo sababu mama yangu aliuza lile blanketi. Tulilala wanne chini ya kitenge kimoja, na asubuhi nilikwenda shule na shati safi. Hakuwa mtu asiye na shukrani. Alilia alipoliuza. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza: mama, unakosa nini?

Nilikuwa nimesahau. Miaka tisa tu, nimepata kanisa, nimepata kiti cha kuzunguka, nimesahau. Torati inawakumbusha Waisraeli mara nyingi mno kwamba walikuwa wageni Misri. Zamani nilijiuliza kwa nini Mungu anarudia neno moja vile. Siku hizi sijiulizi.

Basi tulirudi Lusenda, safari hii bila gari la mizigo. Tulikwenda mashemasi wawili, wamama watatu na mimi. Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimeomba radhi mbele ya kanisa, na sasa nikaomba radhi tena kwa wale niliowahubiri vibaya. Halafu tukakaa chini.

Kwanza tulikutana na komite. Komite ilikuwa ya wababa watupu. Walisema vizuri, kwa utaratibu: mahema yamezeeka, vijana hawana mpira, hakuna mahali pa kuchaji simu. Nikaandika. Nikadhani nimemaliza kazi.

Mama shemasi akaninong'oneza: "Sasa ninyi wanaume mwende mkaangalie ziwa." Tukaondoka. Wamama wetu wakabaki na wamama wao, wakamenya maharage pamoja. Saa moja nzima hawakuuliza kitu. Ndipo yakatoka, na hayakufanana hata kidogo na niliyoandika.

Neno la kwanza lilikuwa kuni. Kila mama alitaja kuni. Walikuwa wakienda kuzitafuta kwenye mashamba na vilima vya wenyeji, na wenyeji wakiwafukuza, wengine kwa fimbo. Na usimhukumu mwenyeji haraka. Yeye pia ana mti mmoja tu wa mwembe na ameamka amekuta umekatwa tawi. Neno la pili wamama waliambiana wao kwa wao, na mama shemasi akaniletea kwa kifupi tu: wasichana wakubwa hawaendi shule siku kadhaa za kila mwezi kwa kukosa vitambaa na sabuni. Je, msichana wa miaka kumi na minne angemwambia hivyo mchungaji mwenye tai na daftari? Hata mwenye kuuliza ana sehemu yake katika jibu. Neno la tatu lilikuwa giza la njia ya choo.

Nguo hazikutajwa na mtu yeyote.

Nataka niseme kidogo juu ya vipimo, maana baadhi yenu mko kwenye komite za maendeleo na inafaa mjue. Mashirika yana kitabu kinachoitwa Sphere ambacho kimeweka kiasi cha chini kwa watu waliokimbia: maji lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, mtu asitembee zaidi ya mita 500 kufika bombani, choo kimoja kwa watu 20, mahali pa kulala mita za mraba tatu na nusu kwa kila mtu. Ni vipimo vizuri. Nenda navyo, hesabu, na pakipungua paza sauti. Lakini hesabu ina tabia ya kuficha watu. Bomba likiwa mita 200, kwa kijana liko mlangoni. Kwa kikongwe mwenye mguu mmoja na bido ya lita 20, bomba lile liko Kigoma.

Tazama Matendo ya Mitume, sura ya sita. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na chakula, kiligawiwa kila siku. Ukifika na karatasi utaandika: chakula kipo. Lakini wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa. Walikuwa Wayahudi wenzao, ila lugha yao ilikuwa nyingine, wageni kidogo mjini, hawana shangazi kwenye meza ya kugawa. Manung'uniko yakatokea. Mitume hawakuhubiri juu ya wakoma kumi! Waliamini manung'uniko. Wakawaambia watu wachague saba, na soma majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote majina ya Kiyunani. Huyo Nikolao hakuzaliwa hata Myahudi, alikuwa mwongofu wa Antiokia. Kazi ya kugawa iliwekwa mikononi mwa upande uliosahauliwa.

Kwetu daftari linashikwa na nani? Nimeona madaftari ya makanisa. Jina la kwanza ni la mkwe wa mzee wa kanisa, la pili ni la jirani ya mchungaji, na yule mama Mrundi anayekaa chumba cha nyuma Kavimvira, anayesema Kirundi peke yake na hajui kwamba kuna mkutano, jina lake haliko. Yeye hata kwa HCR na kwa CNR hajajiandikisha, kwa sababu hakwenda kambini, anaogopa ofisi. Ukitaka kujua mahitaji ya wageni katika mji huu, usianzie waliokuja kanisani. Uliza nani hakuja. Uliza nani haonekani bombani. Na usiandike Wapentekoste tu. Mkatoliki yuko, Mwislamu yuko, asiyesali popote yuko. Njaa haina cheti cha ubatizo, na mimi sitamtega mtu kwa sahani ya sombe ili aje aokoke. Akiuliza tumaini langu nitamwambia. Sombe ale kwanza.

Kuna mambo ya kutouliza pia. Usimwulize mama mbele ya watu walimfanyia nini njiani. Akitaka, atamwambia mwanamke mmoja, siku yake ikifika, na huyo mwanamke afunge kinywa na ampeleke hospitali mapema, kwa maana kuna dawa zinazofaa ndani ya siku tatu za kwanza. Usimwulize kijana alikuwa upande gani. Usiulize jambo ambalo huna nia ya kufanya chochote juu yake, na ukiuliza usiahidi. Mtu aliyeahidiwa hesabu yake huanza palepale: ataacha kumtafuta mwingine wa kumsaidia, atakungoja wewe. Na simu ya picha ikae mfukoni. Nimeshakiri ya kwangu.

Sasa swali la pili la Elisha. Hapa ndipo tunapopita haraka, na ndipo muujiza ulipo.

Una kitu gani nyumbani? Elisha hakuleta mafuta, wapendwa. Soma tena usiku wa leo. Mafuta yalikuwa ya yule mama tangu mwanzo. Elisha alimtuma kwa majirani aazime vyombo, vyombo vitupu, na visiwe vichache. Majirani hawakuombwa mafuta wala pesa ya deni. Waliombwa vyombo ambavyo vilikuwa vimelala bure. Mama akafunga mlango, akamimina, watoto wakimletea. Na mafuta yalikoma lini? Yalikoma chombo cha mwisho kilipojaa. Kama jirani mmoja alificha mtungi wake chini ya kitanda, basi pale mtaani kuna mafuta ambayo hayakutoka.

Najua mnachosema moyoni. Mchungaji, sisi wenyewe hatujalipwa mshahara, mto umebeba mashamba yetu, ziwa limepanda likaingia ndani ya nyumba za watu Kavimvira na Kalundu, na bado unatuambia habari ya Warundi? Nawaelewa. Ndiyo maana nahubiri vyombo vitupu.

Siku ile Lusenda tulipomaliza swali la kuni, shemasi akauliza swali la pili: na ninyi mnajua kufanya nini? Kukawa kimya. Mtu aliyepangiwa mstari miezi mingi husahau kwamba anajua kitu. Halafu mzee mmoja akasema, "Mimi najua udongo." Alikuwa mfinyanzi kwao. Alijua kutengeneza jiko la udongo linaloficha moto, ambalo linapika maharage kwa kuni chache kuliko mawe matatu. Chupa yake ya mafuta ilikuwa hiyo.

Vyombo vikatoka kwetu. Mzee wa kanisa la kule alikuwa na kipande cha ardhi karibu na kijito, hakilimiki kwa sababu ya udongo mzito, akakitoa. Mwingine alikuwa na toroli. Kanisa lilikuwa na kibanda kinachofunguliwa Jumapili tu. Majiko ya kwanza yalipasuka karibu yote, niseme ukweli, kwa sababu sisi tulikuwa na haraka tukayaweka juani. Mzee alikuwa ametuonya. Tulimwuliza anajua nini, halafu hatukumsikiliza. Ya pili yalikauka polepole kivulini, na yakasimama. Wenyeji wakaja kuyanunua, wamama walewale waliokuwa wakigombana juu ya kuni. Ugomvi haukuisha wote. Ulipungua, na watu wakaanza kujuana majina.

Chombo kingine kitupu ni miguu yako na Kifaransa chako. Mtoto akizaliwa hapa Kongo, hata kama wazazi ni wakimbizi, sheria inataka aandikishwe ofisi ya serikali katika siku 90. Mama Mrundi hajui ofisi iko wapi, na Kifaransa cha mlangoni kinamtisha. Siku zinapita, mtoto anakua bila karatasi, hana pa kuonyesha alizaliwa lini wala wapi. Shemasi anayejua ofisi ile anaweza kumsindikiza asubuhi moja. Nchi yetu ina sheria ya wakimbizi tangu mwaka 2002. Lakini sheria iliyo Kinshasa kwenye kabati haimshiki mtu mkono mpaka mlangoni.

Na sasa nizungumze na ninyi wenye mashamba. Najua mtakunja uso. Nilipowauliza Warundi wa hapa mjini wanakosa nini, wengi hawakusema chakula. Walisema: tunafanya kazi na hatulipwi sawa. Mstari uleule wa muhogo, jembe lilelile, jua lilelile, Mkongomani analipwa bei yake, Mrundi analipwa nusu, au anaambiwa njoo kesho. Kesho anaambiwa njoo kesho. Hana pa kushitaki, na mwenye shamba anajua hana. Kumbukumbu la Torati 24 inamtaja kibarua aliye mgeni kabisa, ikisema alipwe siku yake kabla jua halijatua, kwa maana akimlilia Bwana, itakuwa dhambi juu ya mwajiri. Baadhi ya wanaofanya hivyo wanakaa viti vya mbele na wanatoa fungu la kumi. Sitataja jina. Jumapili hii sitapokea fungu la kumi lililokatwa kwenye nusu ya mkate wa mgeni. Kamlipe kwanza, halafu njoo. Kanisa litangoja.

Nilidhani mahubiri haya yangeishia hapo. Lakini mwezi wa pili mwaka 2025 vita viliposhuka kutoka Bukavu kuja bondeni, mambo yakageuka. Watu wetu wa Kamanyola, wa Luvungi, wa Sange wakavuka Rusizi, wengine kwa kuogelea na mtoto mgongoni, wakaingia Burundi. Kwa Warundi! Walilala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, nje, kwenye mvua. Baadaye wengi walipelekwa mbali, Musenyi. Wengine walikuwa wanakwaya wetu wa matawi ya bondeni.

Mama mmoja wa tawi letu alinipigia simu kutoka kule, kwa simu ya kuazima. Aliniambia kwamba wiki ya kwanza walikuja watu wengi wenye vitu, na walishukuru. Halafu siku moja akaja mama Mrundi mkulima, hana kitu mkononi ila mtoto. Akakaa naye chini. Akamwuliza kwa Kiswahili kibovu: mama, mnakosa nini hasa? Akamwambia, mimi nilikaa Lusenda miaka mitano, niambie tu. Na mwanakwaya wetu akaniambia, "Mchungaji, hapo ndipo nililia. Wakati wa kuvuka sikulia."

Nikamwuliza na mimi: mama, unakosa nini? Nilikuwa tayari na kalamu. Nilidhani atasema unga, sabuni, dawa ya mtoto. Akasema: "Shamba langu la muhogo. Nimesikia kuna mtu anavuna."

Ndugu, geuza kurasa chache tu katika kitabu hichohicho, sura ya nane. Elisha alimwambia mama wa Shunemu aondoke na nyumba yake kwa sababu ya njaa. Akakaa nchi ya Wafilisti miaka saba, mkimbizi kabisa. Aliporudi alimlilia mfalme juu ya nyumba yake na shamba lake. Mfalme akamwuliza yeye mwenyewe, naye akaeleza. Mfalme akamweka mtu mmoja wa kusimamia jambo hilo tu, arudishiwe vyote, na pia mazao yote ya shamba tangu siku alipoondoka. Mazao pia, wapendwa, si ardhi peke yake.

Anayevuna muhogo wa yule mama anaweza kuwa ananisikiliza sasa hivi. Redio yetu inafika kule bondeni. Sikujui na sitakutafuta na polisi. Hesabu magunia uliyotoa, uandike, uweke pembeni pesa yake. Shemasi wa tawi lenu, unamjua, amewekwa kuwa mtu wa jambo hilo. Atapokea bila kuuliza jina.

Na ninyi wa hapa mjini: Alhamisi wamama watatu watapita Kavimvira, na wengine watatu Kasenga, nyumba za nyuma, bila mizigo. Wana daftari jipya lenye nguzo mbili, anachokosa na alicho nacho. Mmoja katika kila kundi ni Mrundi. Wakikufikia uliza jina la jirani yako ambaye hawamjui, na kama una mtungi chini ya kitanda, useme.

Tuombe.